Mwaka wa Dari Kavu

Bwana Safi hakuwa na ngazi. Hakuwa na tochi, wala kamera, wala kile kidude cha kupimia unyevu ukutani, ambacho kiliagizwa kabla yeye hajaajiriwa na hadi leo kilikuwa njiani. Hakuwa na buti. Hakuwa na ufunguo wa paa la jengo lolote. Hakuwa na kiti ambacho miguu yake yote minne ilikubaliana. Na kubwa kuliko yote, yeye aliyekuwa Afisa Mkaguzi wa Uvujaji katika Idara ya Ukavu wa Majengo, hakuwa na uvujaji hata mmoja.

Hilo la mwisho halikumsumbua. Lilikuwa ndiyo fahari yake. Alikuwa amekagua nyumba za watumishi, ofisi, maghala na zahanati, na kila alikopita aliandika chini ya ukurasa neno moja tu, kwa mwandiko wa kulala vizuri: Safi. Watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake wakampa hilo.

Basi asubuhi moja Mkurugenzi wa Idara aliwakusanya watumishi wote uani na kutangaza kwamba huo ungekuwa Mwaka wa Dari Kavu. Tangazo lilitolewa uani kwa kuwa ukumbi ulikuwa unapakwa rangi. Mvua ilikuwa inanyesha. Watumishi walibana miavuli kwapani ili wapate mikono ya kupiga makofi.

"Kumbukumbu zetu ziko wazi," Mkurugenzi alisema, akiwa chini ya mwavuli ulioshikwa na tarishi. "Hakuna jengo la Idara hii linalovuja. Wapo wanaosema kuna kuvuja. Na mimi nawauliza, kumeandikwa wapi?"

Na kweli, katika kumbukumbu za ukaguzi hakukuwa kumeandikwa popote.

Siku hiyohiyo methali iliyokuwa imeandikwa ukutani kwenye mapokezi tangu enzi za wazee, usipoziba ufa utajenga ukuta, ilifutwa. Ilionekana kuwa na kasoro ya msingi, yaani ilikubali kwamba ufa upo. Mahali pake pakaandikwa: Ukuta mzuri ni ule uliopakwa.

Msomaji asidhani Idara ilikuwa ya wavivu. Kazi ilikuwa na utaratibu, na utaratibu ulikuwa na Mwongozo, na Mwongozo uliandikwa na Mkurugenzi mwenyewe kwa mkono wake. Afisa alitakiwa kukagua saa za kazi tu. Hakuruhusiwa kufanya ukaguzi akiwa nje wakati wa mvua, asije akapata homa. Alitakiwa kuona kwa macho yake, si kusimuliwa. Na jambo la adabu kuliko yote, alitakiwa kumpa mwenyeji taarifa siku saba kabla, ili mwenyeji ajiandae.

Hapo kwenye kujiandaa ndipo penye hadithi. Taarifa ilipofika kwenye jengo, haikwenda kwa mwenyeji peke yake. Nakala ilikwenda kwa Fundi Rangi. Naye Fundi Rangi, mtu mchapakazi mwenye kofia iliyoganda rangi mpaka ikawa inasimama yenyewe mezani, alibeba makopo yake akaenda kupaka dari nyeupe pe. Nani anampokea mgeni kwenye nyumba chafu? Doa likafunikwa, chumvi nyeupe inayotoka kwenye zege lenye maji ikafunikwa, ufa ukafunikwa. Siku ya nane Bwana Safi akaingia, akavua kofia, akatazama juu, akaona weupe. Akaandika alichokiona. Hakusema uongo hata mara moja maishani.

Idara ilikuwa pia na Mhandisi, dada mmoja mwenye nyundo, buti mpya na subira. Kazi yake ilikuwa kupima ubovu na kuamua dawa yake. Lakini gari lake halikuruhusiwa kutoka mpaka kuwe na uvujaji uliothibitishwa, kwa hiyo alishinda ofisini akipangusa vumbi buti zake.

"Mimi ni kama daktari, kaka," alimwambia Bwana Safi. "Siwezi kumtibu mgonjwa ambaye kadi yake imeandikwa mzima."

"Wakiwa wazima si ndiyo heri?"

"Ni heri," Mhandisi alisema, akaendelea kupangusa vumbi.

Ili asionekane mkatili, Mkurugenzi alikuwa ameongeza kwenye Mwongozo kifungu kimoja cha haki. Kilisema kwamba siku Idara itakapothibitisha uvujaji mmoja, malalamiko yote yaliyolala yatahesabiwa kuwa ya kweli, na Mhandisi atayashughulikia kwa umri wa lalamiko, kuanzia la zamani kabisa, bila kujali cheo cha mtu. Alisifiwa sana kwa kifungu hicho. Haki ambayo haitadaiwa ni rahisi kuitoa.

Na lalamiko la zamani kabisa lilikuwa la mama yake Bwana Safi.

Mama alikaa na binti yake, dada wa Bwana Safi, ghorofa ya juu kwenye nyumba za watumishi. Siku moja ya mapumziko, mvua ikiwa imeshika tangu alfajiri, Bwana Safi alikwenda kuwasalimu akiwa amevaa kandambili.

"Karibu, kaka," dada yake alisema mlangoni, tambara mkononi. "Pita kulia. Kushoto ni ziwa."

Kitanda cha mama kilikuwa nyuma ya mlango. Mwezi uliopita kilikuwa dirishani, na kabla ya hapo kilikuwa karibu na kabati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakitazama kitanda? Kimepata uhamisho mwingi kuliko wewe." Mama alikuwa ameketi katikati ya kitanda, khanga kichwani, ndoo ya bati miguuni pake. Tone likaanguka ndani ya ndoo, ti. "Huyu ndiye mke mwenza wangu siku hizi. Nalala naye, naamka naye. Ila yeye hanyamazi."

Bwana Safi alitazama juu. Dari ilikuwa imetoa kitambi. Rangi ilikuwa imening'inia kama shavu la mtu aliyejaza maji mdomoni, nyeupe, laini, ikitikisika kidogo kila lori lilipopita barabarani.

"Huyo wa juu ananenepa kila mvua," mama alisema. "Sijui anakula nini."

"Ni maji, mama. Yamenasa kati ya rangi na zege."

"Ahaa." Mama alimtazama miguuni. "Kwa hiyo unajua. Ukivaa viatu vya kazi hujui, ukivaa kandambili unajua."

Dada yake akacheka ndani ya tambara.

"Mama, juzi nilipokuja kukagua palikuwa peupe."

"Palikuwa peupe kwa sababu yule wa kofia ngumu alikuwa ametoka tu. Nilimwambia, mwanangu, acha, mkaguzi aone. Akaniambia, bibi, usinitie aibu mbele ya mgeni." Mama akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kipande cha plasta kipana kama sahani, upande mmoja mweupe, upande wa pili una kutu ya nondo. "Hiki kilianguka usiku wa jana, hapa ninapoweka kichwa. Nilikuwa nimekwenda msalani. Ningekuwa nimelala, ungeandika nini? Safi?"

Bwana Safi alikishika kile kipande. Kilikuwa kizito kuliko alivyotarajia. Kuhama hawangeweza. Mtumishi alihamishwa nyumba kwa cheti cha jengo bovu, na jengo hilo lilikuwa Safi mara zote, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Leo wewe ni mkaguzi au mgeni?" mama aliuliza.

"Leo ni mgeni, mama. Si siku ya kazi."

"Basi, mgeni, mwaga hiyo ndoo. Dada yako amechoka."

Akaimwaga. Akaimwaga tena. Alipoondoka jioni, mabega yalikuwa yanamuuma, na neno lake alilolipenda lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake alipanda ghorofa ya juu kabisa ya makao ya Idara, ilipo ofisi ya Mkurugenzi. Kwenye jengo lile cheo kilipanda pamoja na ngazi, kwa hiyo mkubwa kuliko wote ndiye aliyekuwa karibu na mawingu.

"Karibu, Bwana Safi. Habari za ukavu?"

"Kavu tu, mheshimiwa."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana pale Idarani.

"Nimekuja kuomba ruhusa ya kukagua nyumba moja bila taarifa."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. "Bila taarifa? Uwaingilie watu?"

"Nataka kuiona dari kama ilivyo."

"Bwana Safi, wewe umelelewa. Unaingiaje kwa mtu hajafagia? Tena hakuna kitu kinachoitwa kama kilivyo. Kuna kilichoandaliwa na ambacho hakijaandaliwa. Hicho ambacho hakijaandaliwa si cha kuandikwa, ni cha kusitiriwa."

"Ni kwa mama yangu, mheshimiwa. Dari inamwangukia."

"Pole sana. Mpe salamu zangu. Mwambie mimi mwenyewe namheshimu kama mama yangu, ndiyo maana siwezi kumvunjia adabu."

Akiwa anasema hayo alisogeza kisahani mezani bila kukitazama, na tone likaanguka katikati yake, ti. Bwana Safi aliinua macho. Juu ya kichwa cha Mkurugenzi kulikuwa na kitambi ambacho kile cha kwa mama kingekiamkia shikamoo.

"Mheshimiwa, hicho kilicho juu yako..."

"Rangi," Mkurugenzi alisema. "Ofisi hii inapokea wageni kila wiki, kwa hiyo inapakwa kila wiki. Rangi ikizidi, hujipumzisha. Nenda kazini, baba."

Bwana Safi alimtafuta Fundi Rangi akamkuta uani akikoroga kopo.

"Ndugu yangu, nakuomba. Ukisikia naenda kwa mama, usipake."

Fundi Rangi alishtuka mpaka akaacha kukoroga. "Mzee, mgeni aje nisipake? Watu wataniona nina kisirani na bibi wa watu."

"Mgeni mwenyewe ni mimi. Nimekuruhusu."

"Mgeni haruhusu, mzee. Mgeni anapokewa." Akaendelea kukoroga. "Kwa mapenzi niliyo nayo kwa bibi, nitampaka mara mbili."

Ndipo maandalizi ya sherehe ya kufunga Mwaka wa Dari Kavu yalipoanza. Mwaliko ulibandikwa mapokezi wiki nzima kabla, umesainiwa na Mkurugenzi: watumishi waandamizi, Mhandisi na Afisa Mkaguzi wa Uvujaji wanaalikwa ofisini kwa Mkurugenzi, mbele ya Mgeni Rasmi kutoka wizarani, kusikiliza taarifa ya mafanikio. Msomaji wa taarifa alikuwa Bwana Safi. Fundi Rangi aliipaka ofisi siku nne mfululizo.

Siku yenyewe mvua ilikuja mapema kuliko wageni. Mgeni Rasmi alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mkufu na tabia ya kuuliza. Alikaribishwa kwenye kiti cha heshima, akaketi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu.

"Mkurugenzi, kile ni nini?"

Kitambi kilikuwa kimeshuka hadi usawa wa kofia ya mtu mrefu. Chini yake Mkurugenzi alikuwa amesimama na fimbo yake ya kuonyeshea chati.

"Kile, mheshimiwa, ni ushahidi wa bidii yetu. Ni rangi tupu."

"Rangi tupu inatikisika?"

"Ni rangi nzuri, mheshimiwa. Ina uhai." Na kwa kuwa alikuwa mtu anayeamini Mwongozo wake, aliinua fimbo akakigusa kile kitambi kwa ncha, kwa upole, kama mtu anayempapasa mtoto shavu.

Kilipasuka.

Maji yalishuka yote kwa pamoja, yana rangi ya chai iliyokolea, na nyuma yake rangi ya miaka yote, tabaka juu ya tabaka, ikamvika Mkurugenzi kama shuka. Halafu kipande cha plasta kikaanguka juu ya meza na kuvunja kisahani. Mgeni Rasmi alirudisha kiti chake nyuma kidogo, akavaa miwani.

Mkurugenzi alitoa kichwa ndani ya rangi. "Bwana Safi," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye bado ana imani na watumishi wake, "andika kwamba chai imemwagika."

"Chai imetoka wapi?" Mgeni Rasmi aliuliza.

"Jikoni, mheshimiwa."

"Na jiko liko juu ya paa?"

Bwana Safi alikuwa na kalamu mkononi na ukurasa mbele yake. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye herufi ile aliyoizoea, ukaiandika S kwa kulala vizuri. Kisha akakitazama kile kipande cha plasta juu ya meza. Kilikuwa kipana kama sahani, na upande wa pili kina kutu. Akaikata ile S. Akaandika: Inavuja.

"Mheshimiwa," akamwambia Mkurugenzi, "naomba usisogee."

"Unafanya nini?"

"Naweka kumbukumbu." Akachora kwa penseli ukingo wa doa ukutani, akaandika tarehe pembeni. Akaegemeza rula kwenye ufa ili upana uonekane. Akamgeukia Mgeni Rasmi. "Samahani, mama, Idara haina kamera."

Mgeni Rasmi akampa simu yake.

"Sogea kidogo kushoto, mheshimiwa. Unaziba nondo."

"Bwana Safi, una akili zako?"

"Ninazo, mheshimiwa. Tuko saa za kazi. Siko nje mvuani, niko ndani. Naona kwa macho yangu, sijasimuliwa."

"Hukunipa taarifa ya siku saba." Mkurugenzi alisema hivyo kwa sauti ya ushindi, rangi ikimtiririka sikioni.

"Uliitoa wewe, mheshimiwa. Mwaliko umekaa mapokezi wiki nzima, una saini yako, na unataja Afisa Mkaguzi. Na mwenyeji alijiandaa. Fundi Rangi ni shahidi."

"Siku nne," Fundi Rangi alisema kutoka mlangoni, kwa unyenyekevu. "Nilipaka kwa moyo."

Mkurugenzi alimtafuta Mhandisi kwa macho, ili walau huyo aseme neno. Lakini Mhandisi hakuwapo. Sauti za buti mpya zilikuwa tayari zinashuka ngazi, na gari likasikika likiwashwa uani. Uvujaji mmoja ulikuwa umethibitishwa, na lalamiko la zamani kabisa halikuwa la ofisi hii.

Kwa mama, Mhandisi hakuanza na dari. Alivunja kufuli la paa akapanda. Huko juu alikuta dimbwi ambalo bata wangeliombea hati ya makazi. Lami ya kuzuia maji ilikuwa imepasuka kama kisigino, na mdomo wa kutolea maji ulikuwa umezibwa kabisa na makopo matupu ya rangi. Fundi Rangi, ambaye peke yake alikuwa na ufunguo wa paa, alikuwa akiyatupa huko mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hakutaka kuchafua ua.

Mhandisi aliyatoa makopo, akapima, akagonga zege kwa nyundo akisikiliza palipo na uwazi, akaandika ukurasa baada ya ukurasa kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa. Siku hiyohiyo mama na dada walipewa cheti cha jengo bovu na nyumba ya ghorofa ya chini, na lami mpya ikaagizwa. Kitanda kiliwekwa katikati ya chumba kipya, na mama akakataa kisogezwe tena hata kwa kufagia.

Baada ya wiki Mkurugenzi aliandika lalamiko. Lilikuwa lalamiko zuri, lenye viambatisho, likieleza kwamba katika ofisi yake kuna hali ya majimaji. Lilipokewa mapokezi, likagongwa muhuri, likawekwa chini ya mengine yote, kwa kuwa lilikuwa changa kuliko yote. Mgeni Rasmi alikuwa ameagiza Mwongozo ufuatwe neno kwa neno, hasa kile kifungu cha haki kilichosifiwa sana.

Bwana Safi alikwenda kumwonyesha mama yake jibu aliloandika kabla ya kulituma. Mama hakuwa na miwani, akasomewa.

"Ndugu Mlalamikaji. Lalamiko lako limepokewa. Afisa atakuja kwa zamu yako, ukipewa taarifa siku saba kabla. Wakati ukisubiri, unaombwa kutopaka rangi. Pole kwa usumbufu. Ni hilo tu, mama."

"Mbona mkavu hivyo? Mtu anavujiwa." Mama alifikiri, akaitazama ndoo yake ya bati, iliyokuwa sasa imegeuzwa chini juu na kuwekewa chungu cha maua. "Mwambie atafute ndoo ya plastiki. Ya bati itamnyima usingizi."

"Ofisini halali, mama."

"Mwambie tu. Nani anajua."

Bwana Safi akaongeza sentensi hiyo kwa mwandiko wa kulala vizuri. Asubuhi, kwenye kiti kile chenye miguu isiyokubaliana, aliikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa juu yake moja kwa moja, na akinyamaza aliweza kusikia matone. Lakini Mwongozo ulisema majibu kwa walalamikaji yaende kwa posta. Akabandika stempu, akampa tarishi, na tarishi akafungua mwavuli, akatoka nje kwenye mvua kuipeleka posta.